Naomba ushauri: kipimo cha kina cha ziwa kinayumba, nichuje vipi bila kuchelewesha tahadhari?

Wakuu, kihisi cha shinikizo kiko mita 3 chini ya maji, kinasoma kila sekunde 60. Mawimbi ya upepo huja kila sekunde 2 hadi 4, kwa hiyo grafu inadanganya: inaonyesha maji yakipanda na kushuka taratibu, kumbe ni mawimbi yaleyale yamedakwa vipande vipande. Hilo naona dawa yake ni kusoma kila nusu sekunde, kuchukua namba ya kati ya kila masomo 5 (yakipangwa kwa ukubwa) ili kutupa yaliyoruka, ndipo nitoe wastani wa dakika 1. Nikianza na wastani, kosa moja kubwa linachafua dakika nzima.

Kihisi husoma shinikizo la maji pamoja na la hewa; la hewa nalipima kwa barometa na kulipunguza (hektopaskali 1 ni kama sentimita 1 ya maji).

Kinachonikwamisha ni ziwa lenyewe kuyumba, kama maji ndani ya beseni. Urefu ni kilomita 10, kina mita 10, hivyo mzunguko mmoja huchukua kama dakika 34. Wastani wa dakika 10 hauufuti. Wa dakika 34 unaufuta, ila matokeo yanachelewa dakika 17, na mafuriko hayasubiri.

Je, nifunge vihisi viwili, kimoja kila ncha, nichukue wastani wao? Ncha moja ikipanda nyingine hushuka. Au kimoja katikati kinatosha? Hofu yangu ni myumbo wa pili (ncha zote mbili zikishuka pamoja), ambao hapo katikati ndipo hupanda. Mliowahi kufunga, mlichagua kipi?