Mashairi huru ya kina Kezilahabi bado yana nguvu au ilikuwa upepo tu?

Kijana_wa_Fasihi: Wakuu habari zenu, nimesoma Kichomi, diwani ya mashairi ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi ya 1974, nikashtuka, hamna vina wala mizani, ni kama mtu anaongea tu. Sasa hiyo kitu imewaathiri vipi washairi waliokuja baadae?

Shangazi Mizani: Imeathiri sana tu mwanangu, enzi hizo palikuwa na vita haswa, washairi wa jadi walisema hilo si shairi ni insha iliyokatwakatwa. Miaka 5 baadae washairi Mulokozi na Kahigi wakatoa kitabu Kunga za Ushairi kutetea mabadiliko. Mimi bado nikisikia vina moyo unacheza lakini.

mzee_wa_vina: Tusidanganyane, mshairi Abdilatif Abdalla aliikosoa serikali ya Kenya akiwa jela na akashika vina na mizani vizuri tu, diwani yake Sauti ya Dhiki ya 1973 hiyo, kwahiyo hoja kwamba arudhi (kanuni za vina na mizani) inambana mtu asiseme mambo mazito mi siikubali.

Kijana_wa_Fasihi: Hapo umenibana mzee 😂

TunguBoy: Ila mzee, angalia mshairi Kithaka wa Mberia pale Kenya, maneno anayapanga kwenye karatasi mpaka yanakuwa picha, jicho linasoma kabla ya sikio. Bila wale wa mwanzo kuvunja mlango angepitia wapi? Na hawa vijana wa jukwaani siku hizi wanaoghani bila kuhesabu mizani, wengi hata Kezilahabi hawajamsoma ila njia wanayopita ni ileile.

Shangazi Mizani: Wakamsome basi, waanze na Karibu Ndani, diwani yake nyingine.