MJADALA: Kupumzika sekunde 30 kati ya seti kunapunguza mwili kuliko dakika 3?

Chuma Kwanza: Makocha wengi wa jimu wanawabana wanaotaka kupungua wapumzike sekunde 30 tu kati ya seti (mkupuo mmoja wa marudio), eti mwili utaendelea kuunguza mafuta hadi usiku. Wanachozungumzia ni oksijeni ya ziada ambayo mwili huvuta baada ya zoezi. Ipo kweli, ila tuipigie hesabu. Katika jaribio moja la mwaka 1999, mazoezi manane ya mzunguko, mapumziko ya sekunde 20 yalileta takribani lita 10 za oksijeni hiyo katika saa iliyofuata. Ya sekunde 60, lita 7 na kidogo. Lita moja ni kama kilokalori 5. Tofauti yote ni kilokalori 15, kijiko cha chai cha sukari! Na ukijumlisha zoezi lenyewe, sekunde 60 ndizo zilizotumia nishati nyingi zaidi.

Pumzi Ndefu: Mkuu, zilitumia nyingi kwa sababu zoezi lilichukua muda mrefu zaidi. Mwenye dakika 40 kabla ya kazi atafanya nini? Seti 20 kwa dakika 3 ni saa nzima ya kukaa. Kwa kila dakika, pumziko fupi linashinda.

Chuma Kwanza: Linashinda kwa kuhema. Fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka ya msuli, hurudi nusu kwa kama sekunde 30, na kujaa huchukua dakika 3 hadi 5. Tuseme benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) ya kilo 80, seti tatu: kwa pumziko fupi unapata marudio 10, 7, 5, kwa refu 10, 9, 8. Umepoteza marudio matano, yaani kilo 400 za kazi. Msuli ndio tunaoulinda mtu anapopunguza chakula, kwa hiyo hasara hiyo si ndogo.

Mwenye haraka aoanishe: benchi, sekunde 60, kuvuta dambeli, sekunde 60, arudi benchi. Kifua kimepata dakika mbili na ushee bila mtu kukaa bure.

Dada Kengele: Kuoanisha naunga mkono, ila si skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni). Anayehema hawezi kubana pumzi tumboni. Kiuno kinalegea, mgongo unapinda marudio ya tatu au ya nne. Hapo asiangalie saa. Asishike chuma mpaka aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Pumzi Ndefu: Kwa dedilifti nakubali. Kwa mashine za miguu na mabega bado nasema sekunde 45, uzito ushuke kidogo.