Mada: Taarifa zako ziwe mali yako, au uambiwe kila zinapofunguliwa?

Wadau, salaam.

Kila kona siku hizi tunaambiwa "taarifa zako ni mali yako", na wapo wanaotaka iandikwe hivyo kwenye sheria: jina, sura, alama za vidole, rekodi za hospitali, vyote viwe mali kama kiwanja chenye hati. Mimi naona njia hiyo itatuponza. Tujadili, ila kwanza niseme kilichonifikisha hapa.

Wiki iliyopita nilibonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Zikatokea tatu. Mbili nazijua, ya tatu sijawahi kuishika. Nikarudisha akili nyuma hadi siku niliyopoteza simu nikaenda kurudisha laini kwa wakala wa mwavuli, pale kituoni. Nikaweka dole gumba. "Dada, mashine haijasoma, futa kidole uweke tena." Nikafuta kwa khanga, nikaweka. "Bado, kandamiza vizuri." Tulirudia mara tatu, jua linawaka, watu nyuma yangu wanalalamika. Leo ndiyo naelewa kwamba mashine ilikuwa inasoma kila mara, na kidole kimoja kati ya hivyo ndicho kilichosajili laini ya tatu.

Laini nimeshaifungia. Lakini kwa muda wote huo huenda kuna watu wameandikiwa na matapeli "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa jina langu, na siku polisi wakifuatilia watakuja kugonga kwangu.

Sasa umiliki ungenisaidia nini? Kidole kilikuwa changu siku ile na hakuna aliyebisha. Nilichokosa ni kuambiwa kwamba kimetumika. Kwenye pesa za simu tumeshazoea: nikitoa elfu tano, ujumbe unaingia kabla sijaweka noti kwenye pochi, una kiasi, makato, salio, saa na dakika. Hela yangu ikiguswa naambiwa. Jina langu likiguswa, kimya.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kila ofisi, benki, kampuni ya simu au wakala anayefungua au kutumia taarifa zangu, ujumbe uje: nani kafungua, saa ngapi, kwa kazi gani. Estonia mwananchi anaingia kwenye tovuti ya serikali na kuona idara ipi imeangalia taarifa zake. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kuuliza. Lakini utaulizaje usichokijua?

Wanaotaka iwe mali watazame yaliyotokea Nairobi. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman, mkuu wa kampuni inayotengeneza ChatGPT, ni mmoja wa waasisi wake, ulikuwa ukiwapiga watu picha za mboni kwa kifaa cha duara kama mpira. Aliyekubali alipewa sarafu 25 za kidijitali, wakati ule kama shilingi 7,000 za Kenya. Watu walijaa kwenye jumba la mikutano la KICC hadi tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa zile zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Mahakama iliona kwamba tathmini ya athari kwa faragha ya watu haikufanywa inavyotakiwa, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumvuta mtu kwa sarafu si ridhaa halali.

Mali huuzwa siku ya shida. Kiwanja ukikiuza upate ada ya mtoto, Mungu akijalia utanunua kingine. Mboni utanunua wapi?

Karibuni.

Mchangiaji, Nairobi: Mimi nilikuwa kwenye foleni ya KICC. Landilodi alikuwa ameshanigongea mlango mara mbili, na ile pesa ndiyo iliyonilipia nyumba. Kampuni za mitandao zinatengeneza pesa kwa taarifa zangu kila siku na sijaona hata ndururu. Hawa angalau walilipa. Ukisema zisiwe mali, maana yake ni ziendelee kuchukuliwa bure, na bado mtutangaze kwamba tulidanganywa. Nilijua nilichokuwa nafanya.

Mleta mada: Kaka, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juujuu. Ni kweli tunachukuliwa bure, na ni dhuluma. Lakini siku ile bei nani alipanga? Wewe uliikuta imepangwa, na landilodi yuko mlangoni. Kila mmoja akienda kuuza peke yake, bei itakuwa hiyo hiyo ya mwenye njaa. Faida ikitafutwa, itafutwe kwa kodi inayotozwa kampuni hizo, irudi kwenye shule na zahanati. Halafu nikuulize kwa dhati: mahakama iliamuru picha ya mboni zako ifutwe. Wewe mwenye mboni, kuna aliyekuandikia hata mstari mmoja kwamba imefutwa?

Mchangiaji, Nairobi: Hapana. Nilisoma habari tu kama watu wengine.

Mchangiaji, Dodoma: Nafanya kazi ya kuhakiki vitambulisho. Kwa siku tunafungua taarifa za watu wengi sana, karibu zote kwa nia njema: mtu kaomba mkopo, mtu kaomba pasipoti. Ujumbe ukienda kila mara, watu watataharuki na simu zetu hazitapumzika. Na mpelelezi anayemfuatilia mwizi naye amtumie ujumbe?

Mleta mada: Mpelelezi aende kwa hakimu aombe ujumbe ucheleweshwe kwa muda maalumu, kisha utumwe. Kuhusu taharuki, mkuu, aliyeomba mkopo atajua ni mkopo wake. Atakayetaharuki ni yule ambaye hakuomba kitu, na huyo ndiye ninayetaka apige simu ofisini kwenu.

Mchangiaji, Mtwara: Dada, nakubaliana nawe kasoro kitu kimoja. Ujumbe utaingia kwenye simu ya nani? Mwaka 2020 laini zilipokuwa zinazimwa, mama yangu hakuwa na namba ya NIDA. Vidole vyake vimesuguliwa na jembe na kubangua korosho, mashine haikuvisoma. Laini yake ikasajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, na hadi leo simu anaishika kaka. Kwa huo mpango wako, habari za mama zitasomwa na mtoto wake kwanza. Na kuna wanawake ambao simu inashikwa na mume. Akienda kliniki kimya kimya kwa sababu zake, ujumbe utamtangaza nyumbani.

Mleta mada: Hapo dada umenishika, na narekebisha hoja yangu. Ya hospitali yasitumwe kwenye simu mpaka mwenyewe aombe. Na kwa kila mtu iwepo njia ya pili isiyohitaji simu: aende ofisi ya mtendaji wa kata, yeye mwenyewe, aombe orodha ya waliofungua taarifa zake, asomewe faraghani, bure. Mama ambaye mashine haimsomi kidole atambuliwe kwa uso wake na mashahidi wawili, kama tulivyokuwa tukitambuana kabla ya mashine hizi kuja. Mkuu wa Dodoma, hilo kwenye ofisi yenu linawezekana?