Nyuzi nyumbufu za mapafu hazionekani kwenye slaidi zangu, nakosea wapi?

Binti_Tishu
Wakuu habari za humu, naombeni msaada nimekwama wiki ya pili sasa. Nafanya projekti ya mapafu ya mbuzi. Siku ile nilipopasua kifua tu hewa ikaingia na pafu likanywea palepale naliona, likajivuta likawa dogo mpaka mbavu zikabaki na nafasi tupu, nikajua kabisa humu ndani kuna kitu kinavuta. Nikakata kipande nikatia kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), nikapaka rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, alafu kwenye maikroskopu naona pinki tupu. Msimamizi anataka nyuzi nyumbufu, zile zinazovutika na kurudi, nimwoneshe kwa kidole. Zipo kweli?

Mzee_wa_Slaidi
Zipo binti yangu, shida ni rangi. Eosini inapaka elastini (ndo inayounda nyuzi nyumbufu) na kolajeni (nyuzi ngumu zisizovutika) pinki ileile huwezi kuzitofautisha. Tumia rangi za Verhoeff na Van Gieson, nyuzi nyumbufu zinakuwa nyeusi, kolajeni nyekundu. Ila kuwa makini hapa ndo wengi wanaharibu: mwanzo slaidi nzima inakuwa nyeusi, unaipunguza kwa feriki kloraidi asilimia 2, unachovya kidogo unaangalia, unachovya unaangalia. Ukizidisha, nyuzi nyembamba za kwenye vifuko vya hewa ndo zinapotea za kwanza. Anza kuangalia ukuta wa ateri, kama pale hujaona mistari myeusi basi rangi imekataa, usihangaike na kwingine.

Daktari_Mifugo
Naongezea hapo kwa mzee. Dada pafu lako ulilikata likiwa limenywea ndo maana kuta zimelaliana. Next time chukua tundu moja zima la pafu (yaani lobe, sehemu moja nzima), ingiza fomalini kupitia bronkasi yake (njia yake ya hewa), chombo kikae juu kama sm 20 hadi 25, lijae ndo ulifunge. Hapo utaona midomo ya vifuko vya hewa imezungukwa na pete za hizo nyuzi, zikikatwa zinaonekana kama vidoa vyeusi kwenye ncha za kuta.

Pumzi2
Samahani naomba kuuliza, kwa hiyo ni hizo nyuzi peke yake ndo zinarudisha pafu?

Daktari_Mifugo
Hapana mkuu na hili watu wanalikosea sana. Toka 1929 mtafiti von Neergaard alionesha pafu likijazwa maji ya chumvi badala ya hewa linatanuka kwa presha ndogo zaidi, maana yake sehemu kubwa ya mvuto inatoka kwenye ule unyevu unaotanda ndani ya vifuko. Nyuzi zinafanya nyingine, tena zimeungana toka njia za hewa mpaka utando wa nje kama wavu mmoja, sehemu moja ikitanuka inavuta jirani yake. Kolajeni yenyewe haivutiki, kazi yake kuzuia pafu lisipitilize. Binadamu aliyetulia anatoa pumzi bila kutumia misuli kwa sababu ya mvuto huo. Farasi hapana, hata akiwa ametulia misuli inasaidia.

Mzee_wa_Slaidi
Na zikikatika ndo balaa, mwili hauziundi tena vizuri, nyingi zinajengwa kabla ya kuzaliwa na utotoni. Moshi wa sigara unaita seli nyeupe, zinamwaga elastazi inayomeng'enya elastini, kuta zinavunjika, pafu linabaki limejaa hewa isiyotoka, ndo ugonjwa wa emfisema. Watafiti Laurell na Eriksson mwaka 1963 wakakuta watu wenye upungufu wa protini inayozuia elastazi, alfa-1 antitripsini, wanapata ugonjwa huo mapema.

Binti_Tishu
Wakuu Mungu awabariki, nimerudia na tundu lililojazwa na nimeviona!! vidoa vyeusi kabisa kwenye ncha za kuta, nimekaa navyo saa nzima. Swali moja tu, kwenye ateri mistari imekaa mawimbi mawimbi, nimekosea tena?

Mzee_wa_Slaidi
Hujakosea. Presha ya damu haipo tena ndani, ukuta umejikunja.