Kikundi cha Huduma: Maandalizi ya Safari ya Kongwa

Katibu: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Safari yetu ya Kongwa ni mwezi wa nane. Tutapanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha tutakodi Coaster hadi kijijini. Orodha ya mwanzo ina marobota ya mitumba, katoni za dawa ya matone ya macho na vyombo vya mkutano wa Injili. Mwenye maoni ayalete kabla Mhazini hajatoa fedha.

Muuguzi: Amina, Katibu. Naomba dawa ya macho iondolewe, na nieleze sababu. Ugonjwa uliowasumbua watu wa Ugogo, yaani eneo hilo la Dodoma, kwa vizazi ni trakoma, ambao wengi huuita vikope. Bakteria wake huenezwa kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto wote wa nyumba, na kwa nzi wanaotua machoni. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope hujaa makovu, na ukubwani kope hujikunja hadi nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka kioo cha jicho kinaingia ukungu na mtu hupofuka. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Matone ya dukani hayanyooshi kope iliyojikunja. Azithromycin, dawa inayoua bakteria hao, hugawiwa jamii nzima kwa mpango wa serikali, na kikundi kinachopita siku chache hakina ruhusa wala sababu ya kugawa dawa kivyake.

Mzee wa Kanisa: Nimekuelewa, binti yangu. Lakini je, twende mikono mitupu kwa watu wanaoumwa?

Mwinjilisti (Kongwa): Shikamoo, Mzee, na salamu kwenu nyote kutoka huku. Nashukuru jambo hili kuzungumzwa kabla hamjafika. Yupo bibi mmoja ambaye huketi benchi la nyuma, kajifunika kanga usoni kwa sababu mwanga unamchoma. Kila Jumamosi jioni mjukuu wake humng'oa nywele za kope kwa kibanio ili kesho yake aweze kuja ibadani, na zinapoota upya, fupi na ngumu, maumivu huzidi. Nguo anazo. Anachohitaji ni kufikishwa kwa mtaalamu.

Muuguzi: Huyo ndiye tunayemwendea, Mwinjilisti. Upasuaji wa kope ni mdogo, hufanywa kwa ganzi na mhudumu aliyefunzwa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi inabaki baadaye, kwa sababu nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, wakati sisi tumekwisha kurudi Dar, na kope za baadhi ya watu hujikunja tena. Kwa hiyo tumwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya sasa, tumwombe mtaalamu wa macho, na fedha ya mitumba ilipe nauli za wagonjwa kwenda na kurudi, pamoja na safari ya kutolewa nyuzi.

Mwinjilisti (Kongwa): Naomba pia msaidie vibuyu chirizi na vyoo. Kiangazi maji huwa haba, na mama aliyeamka alfajiri kuyafuata hawezi kuyamwaga ovyo, ila kibuyu chirizi kinanawisha nyuso nyingi kwa maji kidogo. Nzi wa machoni naye huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi, kwa hiyo vijana wenu wakichimba vyoo pamoja na wetu, watakuwa wamewatibu watoto.

Mama Mchungaji: Nami nina neno. Asilazimishwe mgonjwa yeyote kusikiliza mahubiri ndipo aonwe, kwa maana majirani zetu Waislamu nao wana macho yanayouma. Mkutano wa Injili ufanyike jioni, aje anayependa. Na watoto wasipigwe picha wakiwa na matongotongo ili tuzionyeshe kanisani.

Mzee wa Kanisa: Naunga mkono yote. Mimi nitachangia majembe na sururu.

Mhazini: Fedha ya mitumba na ya matone nimeihamishia kwenye nauli za wagonjwa. Mwinjilisti, tafadhali tuletee idadi ya wenye vikope baada ya kushauriana na mganga wa zahanati na mwenyekiti wa kijiji.

Katibu: Barua kwa Mganga Mkuu naiandika leo. Muuguzi, naomba uipitie kabla haijatumwa.