Laptopu ya Shangazi Inaganda

Kikundi: UKOO WA MAKOLE

JUMAMOSI

Shangazi Hombolo, 13:12
Wapendwa, za mchana. Laptopu imeganda tena. Nilikuwa jina la 41 kati ya wanachama 63. Mshale hausogei, hata saa ya pale pembeni imesimama. Jumatatu saa tatu asubuhi nasoma hesabu za zabibu mbele ya kikundi kizima cha wakulima. Nimechoka jamani.

Mama Yona, 13:14
Pole sana wifi yangu.

Baba Mdogo Nkuhungu, 13:15
Pole dada. Si ndiyo ile fundi alisema bodi, ile sahani kuu ya umeme ya ndani, imekufa?

Shangazi Hombolo, 13:17
Ndiyo hiyo hiyo. Alitaka laki tatu na nusu. Hakuifungua hata parafujo moja. Aliiwasha, akaitazama dakika mbili, akasema bodi.

Baba Mdogo Nkuhungu, 13:18
Ongeza kidogo hapo ununue nyingine ya mtumba.

Shangazi Hombolo, 13:19
Kwa hela ipi mdogo wangu? Malipo ya mavuno yenyewe hayajatimia.

Yona Morogoro, 13:33
Shikamooni wazazi. Shangazi pole. Kabla ya kutoa hata shilingi, naomba nikuulize mambo machache. Hiyo laptopu sasa hivi imekaa wapi?

Shangazi Hombolo, 13:34
Marahaba baba. Ipo kitandani, sebuleni kuna wageni. Nampa Tabu simu, yeye ndiye mwenye macho.

Shangazi Hombolo, 13:36
Kaka Yona shikamoo, ni Tabu. Ipo juu ya blanketi. Feni inalia kama mashine ya kusaga. Nimegusa kwa chini, mkono haukai.

Yona Morogoro, 13:37
Marahaba mdogo wangu. Asubuhi nako huwa inaganda?

Shangazi Hombolo, 13:39
Asubuhi haina shida kabisa. Inaanza kuwa nzito saa tano hivi. Ikifika saa saba, bati likishapata moto, inaganda. Juzi ilizimika yenyewe pu! bila hata kuandika kitu. Ukiiacha nusu saa inawaka vizuri.

Yona Morogoro, 13:41
Hilo la kupumzika nusu saa halafu inafanya kazi vizuri ndilo linanifanya nifikirie joto. Bodi iliyokufa haifufuki kwa kupunga upepo. Sisemi fundi amekosea, ila bodi haihukumiwi kwa kuitazama dakika mbili.

Yona Morogoro, 13:42
Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie hadi izimike. Chomoa chaja. Toa kwenye blanketi, peleka kwenye meza yenye kivuli. Isiguswe mpaka saa kumi na mbili jioni.

Baba Mdogo Nkuhungu, 13:44
Si aiweke kwenye friji dakika kumi tu?

Yona Morogoro, 13:45
Hapana baba mdogo, naomba sana. Ikitoka friji kukutana na hewa ya moto inatoka jasho kwa ndani, kama chupa ya soda. Maji yakigusa bodi, hapo ndipo fundi atakuwa kasema kweli.

Baba Mdogo Nkuhungu, 13:46
Nimekuelewa.

Upendo Ilazo, 13:50
Shangazi, hizo hesabu zina nakala mahali pengine?

Shangazi Hombolo, 13:52
Zote humo. Za mwaka huu na za mwaka jana.

Upendo Ilazo, 13:52
Shangazi!! Kilo za watu 63 zipo sehemu moja?

Yona Morogoro, 13:54
Upendo amenitangulia. Tabu, jioni ikishapoa, kazi ya kwanza si kutengeneza. Kazi ya kwanza ni kuhamisha hesabu kwenye flashi. Kisha fungua faili moja kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, uone kweli limefunguka. Mimi nimewahi kumpelekea mtu flashi yenye faili tupu, sitaki lirudie kwetu.

Shangazi Hombolo, 18:22
Tabu hapa. Flashi ya kwaya ya GB 8 imetosha. Nimefungua faili, majina yapo yote, ila mama kapoteza matano ya mwisho. Atayaandika tena kutoka kwenye daftari.

Yona Morogoro, 18:25
Umefanya vizuri sana. Sasa iweke juu ya meza bapa. Inayumba? Ile sehemu ya kupapasa kwa kidole imenyanyuka au ipo sawa?

Shangazi Hombolo, 18:27
Haiyumbi. Ipo sawa.

Yona Morogoro, 18:29
Basi betri haijavimba. Ingekuwa imevimba tungeacha hapo hapo, hakuna kuchaji, hakuna kufungua. Betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Yona Morogoro, 18:31
Sasa iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda kwenye ukurasa wa grafu, chagua CPU, ndiyo prosesa, ubongo wa kompyuta. Kuna kasi inayobadilika na kuna kasi ya msingi. Halafu fungua kazi nyingi kwa wakati mmoja: hesabu, video moja, kurasa kadhaa za intaneti. Nipigie picha sasa hivi, na nyingine baada ya dakika ishirini.

Shangazi Hombolo, 18:36
[Picha] Msingi 2.40 GHz. Inayobadilika 2.7.

Shangazi Hombolo, 18:58
[Picha] Kaka, sasa ni 0.79! Na mshale umeanza kukwama.

Yona Morogoro, 19:01
Nimeona. Kama ingekuwa imekaa bila kazi, namba kushuka ni kawaida, inajipumzisha. Lakini hapa grafu iko juu, ina kazi tele, halafu kasi imeshuka hadi theluthi moja ya msingi. Hiyo ni prosesa inajiokoa. Ikikaribia ukomo wake wa joto, ambao kwa nyingi za Intel ni nyuzi 100, inapunguza kasi ili isiungue. Kupunguza kukishindikana inazima kila kitu, ndiyo ile pu ya juzi.

Mama Yona, 19:03
Kwa hiyo inafanya kama sisi jua la saa saba. Unaacha jembe, unakaa chini ya mbuyu.

Yona Morogoro, 19:04
Ndivyo mama, kabisa.

Yona Morogoro, 19:06
Tabu, kata karatasi ya chooni kipande chembamba, kishikilie kwenye matundu ya pembeni hewa inakotokea. Kinapepea?

Shangazi Hombolo, 19:08
Hakipepei hata kidogo. Na feni inapiga kelele kabisa!

Yona Morogoro, 19:09
Basi feni inazunguka ila njia imeziba. Kesho mchana tunafungua. Sasa zima ulale.

JUMAPILI

Shangazi Hombolo, 12:40
Tumetoka kanisani. Mimi mwenyewe shangazi. Mbukwenyi nyote. Naogopa kufungua kitu cha kikundi, Yona. Ikiharibika nitawaambia nini wale wazee?

Yona Morogoro, 12:44
Mbukwenyi shangazi. Hofu yako ni ya haki. Hesabu ziko kwenye flashi, hilo halipotei tena. Na hatugusi bodi, tunatoa mfuniko wa chini na kupiga brashi feni tu. Tabu akifika mahali hapaelewi anapiga picha, anasubiri nimjibu.

Baba Mdogo Nkuhungu, 12:46
Kuna gereji hapa jirani wana kompresa, nije niichukue wapulize?

Yona Morogoro, 12:49
Baba mdogo asante kwa kujitolea, lakini ile ya gereji ina nguvu mno, na mara nyingi inatema maji na oili. Pia ikiipiga feni inaizungusha kuliko uwezo wake, inaweza kuiharibu. Brashi mpya ya kupakia rangi, ile laini, inatosha.

Tabu (namba mpya), 13:20
Nimeingia kwa namba yangu. Chaja nimechomoa, imezimwa. Parafujo kumi, nimezipanga kwenye karatasi nilikochora mahali pa kila moja.

Yona Morogoro, 13:21
Hiyo ya kuchora hata mafundi wengine hawafanyi. Gusa kwanza kitu cha chuma, kama nondo ya dirisha, kutoa umeme wa mwilini. Ukifungua, chomoa waya wa betri kabla ya lolote.

Tabu, 13:38
[Picha]
Kaka Yona...

Upendo Ilazo, 13:39
Mungu wangu, hilo ni vumbi au blanketi?

Tabu, 13:40
Kati ya feni na zile mbavu za chuma pana kitu kama sufi, kimeshikana. Ndiyo maana hewa haitoki.

Yona Morogoro, 13:42
Ndilo hilo. Ukisafisha mbavu, shikilia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, uchomoe sufi kwa brashi kutoka upande wa feni. Lakini subiri. Nimekuza picha. Ile rangi ya njano pembeni ni nini? Vumbi la Hombolo ni jekundu.

Tabu, 13:44
Nilidhani ni mchanga. Ngoja nimuulize mama.

Shangazi Hombolo, 13:47
Ni salfa ya zabibu, baba. Ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga. Mifuko iko stoo. Na laptopu inalala stoo kwa sababu ndicho chumba chenye kufuli.

Yona Morogoro, 13:49
Tabu acha brashi kwanza. Funga kitambaa puani na mdomoni, nendeni nje upande usio na upepo, na asiwepo mtoto karibu. Salfa inawasha macho na kifua. Usipulize kwa mdomo hata kidogo.

Yona Morogoro, 13:55
Shangazi, joto lile lingesubiri mwezi. Salfa haisubiri. Salfa inakula shaba, na ndani ya laptopu shaba ndiyo kila kitu: bomba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa, nyaya, miguu ya vifaa vidogo vidogo. Inaweza kuwa nyeusi polepole mpaka siku moja isiwake kabisa, na hapo kweli ni bodi. Umeitunza vizuri dhidi ya wezi, ila imelala na adui mwingine.

Shangazi Hombolo, 13:58
Jamani. Mimi niliona stoo ndiyo salama kuliko kote.

Mama Yona, 13:59
Hukujua wifi. Ni nani angejua?

Yona Morogoro, 14:00
Hata mimi nisingeiona kama Tabu asingepiga picha kwa karibu. Tabu, lile bomba la shaba lina rangi gani?

Tabu, 14:03
Jekundu kama senti ya zamani. Kuna doa jeusi moja dogo tu.

Yona Morogoro, 14:04
Tumewahi. Piga brashi taratibu, kila kona.

Tabu, 14:52
Imekwisha. Sufi iliyotoka inajaza kiganja. Hapa juu ya prosesa naona kitu cheupe kimekauka pembeni mwa bati lake, nikitoe?

Yona Morogoro, 14:55
Hiyo ni pesti, kazi yake ni kupitisha joto kati ya prosesa na shaba. Ikikauka hubadilishwa, lakini usiiguse leo kwa sababu huna nyingine. Na mtu asikwambie uweke dawa ya meno, nimeshakutana na laptopu mbili za namna hiyo. Inakauka baada ya siku chache, unarudi kwenye joto lile lile. Rudisha mfuniko.

Tabu, 15:31
Imewaka!! Karatasi inapepea mpaka inaponyoka mkononi.

Tabu, 16:05
Nimeipa kazi zile zile za jana, dakika ishirini na tano, na sasa ndiyo saa kumi, bati lina moto kweli. [Picha] 2.6. Haijashuka. Ile programu ya kupima joto uliyonitumia inasoma nyuzi 74.

Baba Mdogo Nkuhungu, 16:07
Huyu mtoto apelekwe chuo cha ufundi, VETA, haraka.

Upendo Ilazo, 16:08
Naunga mkono baba mdogo, na nauli natoa mimi.

Shangazi Hombolo, 16:20
Nimeketi nayo mwenyewe. Haigandi. Ila Yona, kuwaka bado inachukua karibu dakika sita. Hilo nalo ni joto?

Yona Morogoro, 16:26
Hapana shangazi, huo ni ugonjwa wa pili. Mashine ikiwa bado ya baridi haiwezi kuchelewa kwa joto. Kwenye picha ya Tabu, mstari wa diski upo asilimia 100 kila ikiwaka, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 tu, karibu zote zimeliwa. Diski yako ni ile ya kizamani inayozunguka. Ikibadilishwa ikawekwa SSD, diski isiyozunguka, kuwaka itakuwa chini ya dakika. Lakini hiyo si ya leo wala ya Jumatatu. Ikianza kutoa mlio wa tik tik, nipigie hapo hapo.

Shangazi Hombolo, 16:28
Haitoi mlio. Dakika sita nitavumilia, nawasha huku nachemsha chai.

Shangazi Hombolo, 16:30
Sasa itumike juu ya nini, baba? Meza yenyewe imejaa. Niiweke juu ya ungo?

Yona Morogoro, 16:33
Ungo una chenga za unga, feni itazivuta. Ubao mgumu tu. Na weka vizibo viwili vya chupa chini ya kona za nyuma, hewa ipite. Kitandani na kwenye kitenge usirudi tena.

Shangazi Hombolo, 16:34
Na usiku?

Yona Morogoro, 16:36
Popote pasipo na salfa. Hata kwenye begi, juu ya kabati la nguo.

Baba Mdogo Nkuhungu, 16:41
Dada, ninalo sanduku la chuma la marehemu baba, lile la kijani, lina kufuli na funguo zote mbili zipo. Kesho alfajiri naliwahisha na bodaboda kabla hujaenda mkutanoni.

Shangazi Hombolo, 16:43
Lile la baba? Lilete. Lile la baba nitaliweka chumbani kwangu mwenyewe.

Shangazi Hombolo, 21:17
Majina 63 yote yameingia. Tabu anahamishia kwenye flashi sasa hivi. Kilo zimepishana na daftari kwa mtu mmoja tu, namba 58, kesho nitamuuliza mwenyewe kabla ya kusoma.