Kota za nguo ziliondolewa 2005, mbona sisi ndio tuliumia?

Fundi wa Thika:
Habari zenu. Mimi hushona sare za shule. Kila mazungumzo ya biashara na Marekani yakitajwa, nasikia waliokuwa EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, wakisema 2005 iliwamaliza. Lakini kota, ule ukomo wa kiasi cha nguo nchi inachoruhusiwa kuuza nje, si kizuizi? Kizuizi kikiondolewa duniani kote, tunaumiaje? Na wajumbe wetu wa Kenya wadai nini mezani?

Mama Hati:
Mdogo wangu, nimeshughulikia hati za usafirishaji Athi River miaka mingi, nikueleze nilivyoyaona.

Tangu 1974 nchi tajiri zilizipangia nchi zinazouza nguo kota za mwaka. China na Hong Kong zikijaza kota zao, wenye viwanda walitafuta nchi yenye nafasi. Ndivyo wengine walivyotufikia. Hata sisi tulibanwa: 1994 Marekani ilituwekea kota ya mashati na foronya. Foronya, jamani, kwa nchi kubwa vile!

AGOA, sheria ya Marekani ya 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ilifuta kota hizo kwa sharti kwamba Kenya iwe na mfumo wa viza ya nguo, yaani muhuri wa kuthibitisha kwamba mzigo unastahili nafuu hiyo. Hapo ndipo nilipokuwa: muhuri wa duara, wino wa buluu, juu ya ankara halisi. Namba ya viza ilianza na tarakimu ya kuonyesha nguo iko kundi gani la nafuu ya ushuru, kisha KE, kisha tarakimu sita. Ukikosea ile ya kwanza, mzigo unakwama forodhani kwao na mteja anadai apunguziwe bei.

Sasa 2005. Kota zilipaswa kuondolewa kwa awamu: asilimia 16 mwaka 1995, 17 mwaka 1998, 18 mwaka 2002. Asilimia 49 iliyobaki, zikiwemo nguo zenye soko hasa, ikaachwa mpaka 1 Januari 2005. Mteja aliyekuja kwetu kwa sababu China imejaa hakuwa tena na sababu hiyo. Oda zikahama, na wasichana tuliokula nao githeri mchana wakarudi makwao. Kilichotushikilia ni ushuru: suruali ya pamba ya China ililipiwa zaidi ya asilimia 16, yetu sifuri.

Wakili Tanga:
Shikamoo Mama. Lakini Ulaya ilirudi mezani na China Juni 2005 ikabana aina 10 za nguo, na Marekani ikafuata Novemba. Hamkupata nafuu?

Mama Hati:
Marahaba mwanangu. Tulipata, ila ilikuwa ya muda mfupi. Ya Marekani iliisha 2008. Ndio maana nasema wajumbe wasikimbilie asilimia za ushuru. Wadai kitambaa na muda. Nguo zetu nyingi hushonwa kwa kitambaa cha Asia, na AGOA imekuwa ikiruhusu hivyo kwa kifungu maalumu. Kifungu hicho kilikuwa kikiongezwa vipande vipande. Mwaka 2012 kilikaribia kuisha Septemba, na Bunge lao likakiongeza Agosti. Mnunuzi huweka oda miezi mingi kabla, kwa hiyo alikuwa ameshaenda kwingine. Mashine zilikaa kimya ilhali sheria haijaisha!

Fundi wa Thika:
Kwa hiyo tudai miaka kumi?

Mama Hati:
Kumi kwenda juu, na kitambaa cha nje kiruhusiwe muda wote huo. Hakuna atakayejenga kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma, akanunua pamba ya mkulima wetu, kwa mkataba wa miaka mitatu.